Kuulizia kazi kwa barua pepe: tunayoamini na ukweli wake

Kwa miaka minne kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, kabla ya chai, ilikuwa kufungua kikasha cha barua pepe cha ofisi moja ya wakala wa forodha jijini Dar es Salaam. Anwani ile ilikuwa kwenye bango la nje na kwenye tovuti, kwa hiyo humo iliingia kila aina ya barua: ankara, malalamiko ya wateja, na karibu kila siku barua za vijana wanaotafuta kazi. Nilizisoma zote. Nyingi sikuweza kuzisaidia, na ni mara chache sana elimu ya mwandishi ilikuwa ndiyo sababu. Mara nyingi nilifika mwisho wa barua bila kujua nimeulizwa nini.

Barua ya kuulizia kama kuna nafasi ni swali. Likiulizwa vizuri, mtu aliyezidiwa na shughuli anaweza kulijibu kwa mistari miwili akiwa amesimama. Lakini zimeenea imani nyingi zinazoligeuza swali hilo kuwa hotuba, kilio au bahasha nene ya vyeti. Hizi ndizo nilizokutana nazo zaidi.

"Ni ile ile barua ya kuomba kazi, ila haipiti posta"

Dhana hii ndiyo mama wa nyingine zote. Shuleni tulifundishwa barua rasmi: anwani ya mwandishi juu kulia, tarehe, anwani ya mwandikiwa kushoto, YAH kwa herufi kubwa na mstari chini yake, kisha "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Muundo ule ulikuwa na maana. Karatasi ikishatoka kwenye bahasha ilipaswa kujieleza yenyewe: nani kaandika, lini, ajibiwe wapi. Barua pepe inabeba anwani na tarehe bila wewe kuziandika. Ukizirudia, anayeifungua kwenye simu anakutana na masanduku mawili ya posta na tarehe kabla hajaliona neno lako la kwanza.

Tofauti kubwa zaidi iko ndani. Barua ya kuomba kazi inajibu tangazo: cheo kinajulikana, sifa zimetajwa, tarehe ya mwisho ipo. Barua ya kuulizia inakwenda kwa mtu ambaye hakutangaza chochote na hakukutarajia. Ukimwandikia "naomba kazi yoyote," wewe unaona umeonyesha unyenyekevu na utayari. Yeye umemwachia kazi ya kuwaza ungefaa idara gani, na hana muda wa kuifanya.

Barua ya aina niliyokuwa naijibu ilikuwa hivi:

Mada: Swali kuhusu utarajali, idara ya nyaraka za forodha

Habari za kazi,

Nimehitimu stashahada ya usimamizi wa forodha mwaka huu. Kwa wiki nane za mafunzo kwa vitendo niliandaa nyaraka za makontena yanayopita Tunduma kwenda Lubumbashi.

Naona kampuni yenu inahudumia njia hiyo. Je, mnapokea watarajali katika idara ya nyaraka? Kama mnapokea, maombi yatumwe kwa nani, na kipindi gani cha mwaka?

CV yangu ya ukurasa mmoja nimeiambatisha. Asanteni kwa muda wenu.

(Jina kamili na namba ya simu)

Maneno hayafiki mia. Ndani yake kuna jambo moja analoliweza, sababu moja ya kuichagua ofisi hii na si nyingine, na swali linalojibika. Hata kama jibu ni hapana, anayejibu hatahangaika. Angalia pia hakuomba kazi moja kwa moja. Ameuliza utaratibu, na mtu ambaye hana mamlaka ya kuajiri, kama mimi wakati ule, anaweza kumjibu bila kumsubiri bosi.

Wengi huniuliza kuhusu salamu. "Shikamoo" ni ya ana kwa ana, kwa mtu unayeujua umri wake. Kwa ofisi usiyoijua, "Habari za kazi" inatosha, au "Ndugu Meneja Rasilimali Watu" ikiwa una hakika cheo hicho kipo pale. Heshima haipungui.

"Mada ianze na RE: ndipo ionekane rasmi"

Katika barua za Kiingereza za karatasi, RE inafanya kazi ya YAH yetu. Asili yake ni Kilatini, "in re", yaani katika jambo la. Kwenye barua pepe herufi hizo zimechukua kazi nyingine: programu huzibandika zenyewe mbele ya mada mtu anapojibu. Hivyo anayeona "RE: JOB" anadhani ni mwendelezo wa mazungumzo. Anatafuta alichoandika awali, hakioni, anaanza kukushuku, kwa sababu matapeli nao hutumia njia hiyo kufanya barua ngeni ionekane jibu.

Maneno yenye uzito yaje mwanzoni, maana kioo cha simu hukata mada ndefu. Na usiandike "CV" peke yake. Kuna kijana mmoja aliandika vizuri sana kuhusu mizigo ya Tunduma. Miezi miwili baadaye mkuu wa idara aliniuliza kama kuna mtu anayeijua njia hiyo. Nilimkumbuka kijana yule lakini jina lake lilikuwa limenitoka, na mada ya barua yake ilikuwa "CV", kama mada za makumi ya wengine. Nilizipitia hadi jioni. Nafasi akapata mtu mwingine, na bado inaniuma.

"Ukieleza shida zako watakuonea huruma"

Hapa naandika kwa heshima, kwa sababu shida zile zilikuwa za kweli. Nimesoma barua ya mtu anayesomesha wadogo zake wawili baada ya wazazi kufariki. Nimesoma ya aliyekaa nyumbani miaka sita tangu ahitimu. Nilizisoma nikaguswa, nikabaki sina la kufanya. Anayesoma barua yako hawezi kuingia kwa mkuu wa idara akasema "kuna mtu ana shida." Anaweza kuingia na sentensi moja inayosema unachoweza kufanya. Usipomwandikia sentensi hiyo, anaondoka na majonzi tu.

Vivyo hivyo kwa dini, kabila, hali ya ndoa na idadi ya watoto, mambo ambayo watu wengi bado huyaweka kwenye CV kana kwamba yanadaiwa. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamkataza mwajiri kubagua kwa misingi hiyo, pamoja na jinsia, ujauzito, ulemavu na mengineyo, na kinamhesabu mwombaji wa kazi sawa na mwajiriwa. Huna haja ya kuyataja kwenye barua ya kuuliza.

"Ambatisha kila kitu wasije wakaomba tena"

Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, stashahada, barua ya mtendaji wa mtaa, picha ya kitambulisho cha NIDA, vyote vimepigwa picha kwa simu na vyote vikubwa. Gmail hairuhusu viambatisho kuzidi MB 25, na kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri, mgeuzo unaoongeza ukubwa wake kwa takriban theluthi moja. MB 20 zako njiani zinakaribia 27. Mifumo ya ofisi nyingi ina kikomo cha chini ya hapo. Barua inarudi ilikotoka, na taarifa ya kurudi inaingia kwenye anwani uliyotumia kutuma.

Na anwani hiyo mara nyingi ni ya steshenari. Nasikitika kila nikikumbuka hili. Kijana analipia kuchapiwa, analipia kuskaniwa, analipia kutumiwa, kisha barua inatoka kwa anwani ya duka. Nikijibu, jibu linakwenda dukani. Mara kadhaa nilijibu nikaletewa ujumbe kwamba mhusika hajulikani hapo. Tena steshenari nyingi zina barua moja ya mfano inayobadilishwa jina tu, ndiyo maana nimepokea barua zilizoelekezwa kwa hospitali na kwa shule, zikiwa zimefika kwetu sisi wa makontena. Ukilazimika kutumia kompyuta ya duka, ingia kwa akaunti yako, andika maneno yako, tuma, kisha hakikisha umetoka kwenye akaunti kabla ya kuondoka. Akaunti haina gharama, na jina lako kamili kwenye anwani linatosha. "Mrembo" na "don" viache kwa marafiki.

Kuna pia suala la usalama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamdai anayepokea taarifa zako azitunze. Lakini nakala ya kitambulisho iliyokwisha kufika mahali usipopajua huwezi kuirudisha. Kwa swali la kwanza inatosha CV moja ya PDF, na faili ibebe jina lako. Vyeti vitaombwa vikihitajika.

"Tuma kwa wengi kwa mkupuo, mmoja atajibu"

Nimepokea barua ambayo sehemu ya wapokeaji ilikuwa na anwani arobaini, washindani wetu wote wakiwemo. Kila mmoja akadhani mwingine atajibu. Barua tano ulizozifikiria moja moja zina nafasi kubwa kuliko hiyo.

"Bila koneksheni unapoteza bando"

Sitamdanganya mtu kwamba koneksheni hazipo. Zipo, na nimeona zikifanya kazi. Lakini fikiria kwa nini zinafanya kazi: ofisi ndogo haipendi kutangaza, kwa sababu tangazo moja huleta mamia ya maombi na hakuna wa kuyachambua. Inapohitaji karani inauliza waliopo, "mnamjua nani?" Katika miaka yangu minne pale hatukutangaza nafasi ya karani wa nyaraka hata mara moja, na tuliajiri watano. Wawili kati yao walijulikana kwetu kwa barua pepe tu. Walikuwa wameuliza wakati hakuna nafasi, wakajibiwa, wakabaki kwenye kumbukumbu. Kama kweli kuna mtu wa ndani aliyekuelekeza, mtaje kwenye mstari wa kwanza, lakini muombe ruhusa kwanza. Kutaja jina la mtu asiye na habari hufunga mlango siku hiyo hiyo.

Haya yote ni ya sekta binafsi, taasisi na mashirika. Ajira serikalini zinakwenda kwa njia nyingine. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hupokea maombi kupitia mfumo wake wa Ajira Portal, na matangazo yake husema wazi kwamba maombi yatakayotumwa nje ya utaratibu hayatafikiriwa. Kumtumia CV ofisa wa halmashauri hakukuongezei chochote.

"Lazima iwe kwa Kiingereza"

Tazama tovuti yao na matangazo yao, uandike kwa lugha wanayoitumia. Kiswahili safi kinapita Kiingereza cha kunakili, na mtu akikuita kwenye usaili utazungumza kwa ufasaha ule ule ulioandika nao.

"Wakijibu kwa kuomba ada, ndiyo dalili ya kupata"

Ni dalili ya kuibiwa. Fomu, usaili, vipimo vya afya, "kufungua faili": majina ni mengi, namba ya kupokelea pesa ni moja. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka msingi kwamba hata wakala binafsi wa ajira hatakiwi kumtoza mfanyakazi ada. Piga simu ofisini kwa namba uliyoipata kwingine, si ile iliyo kwenye barua yenyewe.

"Kimya maana yake hapana"

Mara nyingi kimya maana yake meli imeingia, mfumo umegoma, mwenye kikasha yuko likizo. Nilikuwa naacha barua nikisema nitaijibu kesho, na kesho inakuja na barua nyingine sitini juu yake. Subiri siku saba hadi kumi za kazi, kisha fungua barua yako ile ile uliyotuma na ujibu hapo hapo, ili swali la awali lionekane chini. Mistari miwili inatosha: "Habari za kazi. Naomba kukumbushia swali langu la tarehe 4 kuhusu utarajali." Kukumbushia mara moja ni uungwana. Ukikumbushia kila siku, au ukahamia kwenye WhatsApp ya mkurugenzi usiku, watu wanaanza kukukwepa.

Na jibu likija, huenda likawa hivi: "Kwa sasa hatuna nafasi, ila Februari huwa tunapokea watarajali wawili." Wengi huishia kwenye "hatuna". Jibu siku hiyo hiyo kwa shukrani, andika Februari kwenye kalenda ya simu, na wiki ya mwisho ya Januari rudi kwenye mazungumzo yale yale. Wale makarani wawili tuliowajua kwa barua pepe walirudi Januari.