"Nimeshapata nafuu, bado ninywe?" Maswali na majibu kuhusu antibiotiki

Antibiotiki ni nini?

Ni dawa inayoua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Si virusi. Amoksilini, Ampiclox, doksisaiklini, siprofloksasini, azithromaisini, Septrin na Flagyl zote zimo kundi hili. Panadol na diklofenaki hazimo. Hizo ni za maumivu.

Nina mafua na kamasi za kijani. Ninywe amoksilini?

Hapana. Mafua huletwa na virusi, na ndivyo ilivyo kwa vikohozi vingi na maumivu mengi ya koo. Amoksilini haimgusi kirusi. Rangi ya kijani inatokana na chembe nyeupe za damu zinazopigana na ugonjwa; haithibitishi kuwa kuna bakteria. Mafua yataisha ndani ya wiki moja au zaidi kidogo, umeze kapsuli au usimeze.

Mtoto mwenye kikohozi ni habari nyingine. Mhesabie pumzi akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Mara 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au mara 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, mpeleke kituo cha afya. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya au kunywa, akipata degedege au akilegea, usipitie duka la dawa kwanza. Nimonia ya mtoto haisubiri kesho asubuhi.

Kwenye bahasha wameandika 1 x 3. Maana yake asubuhi, mchana na jioni?

Maana yake kimoja kila baada ya saa 8. Anayemeza saa 2 asubuhi, saa 7 mchana na saa 12 jioni amerundika dawa yote mchana, kisha anaacha mwili saa 14 bila dawa. Kiwango cha dawa kwenye damu kinashuka usiku, na bakteria walio hai wanaendelea kuzaliana. Ratiba inayofaa watu wengi ni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Ya mara mbili kwa siku: saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Ya mara nne: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Tega kengele ya simu. Kichwa husahau, hasa homa ikishatoka.

Nimekunywa siku tatu, homa imekwisha. Niache?

Hapana.

Lakini sina dalili yoyote tena. Kwa nini niendelee kujaza madawa mwilini?

Bado ni hapana. Dalili hupungua bakteria wanapopungua, hazisubiri waishe. Dawa huanza na walio dhaifu. Wanaobaki siku ya tatu huenda ndio walioihimili zaidi, na wewe unawaondolea dawa wakati huohuo. Wakirudi kuzaliana, ugonjwa unarudi, na safari hii dawa ileile inaweza isiwaweze.

Koo lenye bakteria wa streptokoka linaonyesha hasara hii waziwazi. Mtoto anaandikiwa amoksilini au penisilini ya kumeza kwa siku 10. Siku ya pili au ya tatu koo haliumi, anakula ugali vizuri, mama anaweka chupa juu ya kabati. Zile siku zilizobaki hazikuwa za koo. Zilikuwa za kuzuia homa ya baridi yabisi, ambayo huja wiki chache baadaye, huharibu vali za moyo, na humwacha mtoto wa miaka 10 akihema kwa kupanda ngazi. Vali ikishaharibika, amoksilini haiitengenezi. Hapo tunazungumzia sindano za penisilini kila wiki 3 hadi 4 kwa miaka mingi, na pengine upasuaji wa moyo.

Basi niongeze siku mbili tatu juu ya nilizoandikiwa, niwe na uhakika?

Nalo usifanye. Kila siku ya antibiotiki inagusa pia bakteria wa kawaida wa tumboni na kwenye ngozi, nao hujifunza usugu. Siku zimepangwa kulingana na ugonjwa: UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) ya kawaida ya kibofu kwa mwanamke inaweza kuandikiwa nitrofurantoini siku 5, koo la streptokoka siku 10, vidonda vya tumbo vyenye bakteria mara nyingi siku 14, kifua kikuu miezi 6. Ukiandikiwa siku 5, maliza 5. Anayeweza kuzipunguza au kuziongeza ni aliyekuandikia, baada ya kukuona.

Sina hela ya dozi nzima. Nikatiwe za elfu moja kwanza?

Hili ndilo linalotuumiza kuliko yote, kwa hiyo tulihesabu. Amoksilini ya miligramu 500, moja kila baada ya saa 8 kwa siku 7, ni kapsuli 21. Karatasi moja kwa kawaida ina kapsuli 10. Ukinunua karatasi moja umenunua siku tatu na kapsuli moja ya ziada. Ukikatiwa nne, umenunua siku moja na kidogo. Hiyo haiitwi nusu ya matibabu, kwa sababu haitibu nusu ya ugonjwa. Unachonunua ni nafuu ya siku mbili, na huenda bakteria waliozoea dawa.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, aliyasema haya mwaka 1945 katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel. Alitoa mfano wa bwana mwenye maumivu ya koo anayejinunulia penisilini kidogo, isiyotosha kuua vijidudu ila inayotosha kuvifundisha kuihimili. Anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anapewa penisilini, haifanyi kazi, anafariki. Wakati huo dawa yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuuzwa.

Kama fedha haitoshi, sema palepale mbele ya daktari au mfamasia, kabla hujaondoka. Kuna dawa za bei nafuu zinazotibu ugonjwa uleule, na amoksilini ya jina la kawaida hufanya kazi ileile ya ile yenye boksi la kung'aa. Kusema huna hela si aibu. Kukatiwa nne halafu kurudi wiki ijayo na ugonjwa uleule ndiyo gharama.

UTI yangu haiponi. Nimetumia sipro, azithro na sindano. Ni UTI sugu?

Huenda, na huenda si UTI kabisa. Wengi wanaosema hivi walipimwa mkojo mara moja, wakakatiwa dawa nusu, wakabadilisha duka, wakapewa nyingine nusu. Kinachohitajika sasa ni kuotesha mkojo maabara, ili ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi inamweza. Mkojo uchukuliwe kabla ya kuanza dawa mpya. Osha sehemu za siri kwa maji, mwaga mkojo wa mwanzo chooni, kinga wa katikati kwenye kopo safi ulilopewa, na uufikishe maabara ndani ya saa 2. Kopo la siagi lililosuuzwa nyumbani halifai. Litaotesha bakteria wa kopo. Majibu huchukua siku 2 hadi 3. Vumilia.

Dawa ninywe na nini?

Na maji, glasi nzima. Soda, chai ya maziwa na pombe ziache pembeni.

Maziwa, mtindi, dawa za kiungulia na vidonge vya kuongeza damu hushikamana na siprofloksasini na doksisaiklini tumboni, na sehemu ya dawa inatoka na choo bila kuingia kwenye damu. Siprofloksasini meza saa 2 kabla ya vitu hivyo au saa 6 baada yake. Doksisaiklini meza ukiwa umekaa au umesimama, na usilale kwa nusu saa. Ikikwama kooni inachoma na kuacha kidonda. Pia inaifanya ngozi iungue kirahisi juani. Wajawazito hawapewi hovyo, kwa hiyo taja mimba hata kama ni ya wiki mbili.

Flagyl na pombe havikai pamoja. Unaweza kutapika, kichwa kikagonga na moyo ukaenda mbio. Acha pombe siku zote za dawa na siku 3 baada ya kumeza ya mwisho. Na tafadhali, usiruke Flagyl ya Jumamosi ili unywe bia. Hilo nalo ni kukatisha dozi.

Nimesahau kumeza. Nimeze mbili kwa mpigo?

Hapana. Meza moja unapokumbuka. Kama saa ya inayofuata imekaribia, ruka uliyosahau na uendelee na ratiba. Ukitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, rudia. Ukitapika kila mara, rudi ulikotibiwa.

Dawa ya maji ya mtoto inachanganywaje?

Chemsha maji, yaache yapoe kabisa. Gonga chupa ili unga ulegee, tia maji kidogo, tikisa, kisha ongeza hadi kwenye alama na utikise tena. Maji ya moto huharibu dawa. Tikisa kila unapompa, la sivyo siku za mwanzo anakunywa maji na za mwisho anakunywa unga mzito. Pima kwa bomba au kijiko kilichokuja na chupa, kwa sababu vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Nyingi hudumu siku 7 baada ya kuchanganywa, nyingine 14 zikikaa kwenye friji, soma lebo. Hakuna kumwekea mdogo wake iliyobaki.

Kuna ubaya kumwaga unga wa kapsuli kwenye kidonda?

Kuna. Unga unaganda juu, unafungia uchafu chini, unaweza kuamsha mzio, na kiasi kinachoingia hakitibu chochote. Osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, funika kwa kitambaa safi, na nenda kituoni kama ni kirefu, kinanuka, au wekundu unasambaa. Kapsuli zifunguliwazo namna hii mara nyingi ndizo zilizokatwa kwenye dozi ya mtu.

Nikiona madhara, niache?

Kichefuchefu na kuharisha kidogo ni kawaida. Jaribu kumeza baada ya chakula kama dawa yako inaruhusu. Lakini ukivimba midomo au uso, ukitokwa na upele unaowasha mwili mzima, ukibanwa pumzi, ngozi ikitoa malengelenge au kubabuka, midomo na macho yakiwa na vidonda, ukiharisha damu, au kano ya kisigino ikianza kuuma ukiwa kwenye siprofloksasini, acha na uende hospitali siku hiyohiyo. Ukibanwa pumzi, nenda saa hiyohiyo. Beba boksi la dawa. Jina la dawa iliyokuletea mzio liandikwe kwenye kadi yako, na ulitaje kila unapotibiwa, hata kwa daktari wa meno.

Siku ya tatu na sioni nafuu. Nibadilishe dawa?

Usibadilishe mwenyewe. Rudi. Huenda ugonjwa si wa bakteria, au kuna usaha unaohitaji kutolewa, au bakteria ni sugu. Ukichanganya ya jirani na ya duka, anayekupima atakosa pa kuanzia.

Zimebaki kapsuli sita. Nizitunze?

Kwanza tueleze kwa nini zimebaki. Kama dozi ni yako na siku zake hazijaisha, piga simu au rudi kwa aliyekuandikia leo, umwambie uliacha lini, akuelekeze. Kama daktari mwenyewe alikusimamisha, zirudishe duka la dawa au kituoni. Si chooni, si kwenye shimo la taka, na si kwa shangazi mwenye kikohozi.