"Njia Rahisi" Si Maelezo: Andikeni Vipimo

Kila msimu wa matembezi ya porini, malalamiko tunayopokea yanafanana. Mtu amesoma tangazo kwamba njia ni rahisi, amefika na kiti mwendo chake, kisha hatua chache tu ndani ya msitu anakuta mzizi mnene kama mkono umekatiza njia. Kikundi kinaendelea. Yeye anabaki kivulini na msaidizi wake, akingoja warudi.

Waandaaji, rahisi kwa nani? Andikeni upana, mwinuko, aina ya ardhi na umbali kati ya benchi na benchi. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 kwa maeneo ya wazi ya serikali kuu unataka njia isipungue upana wa sentimita 91, na pawe na mahali pa kupishana kila mita 300 hivi pale inapobana. Mtu akipewa vipimo ataamua mwenyewe.

Washiriki nao wajaze fomu siku 7 kabla. Hatuulizi ugonjwa wako, tunauliza utahitaji nini: mkalimani wa lugha ya alama, mtu wa kukushika mkono, kikundi kidogo kisicho na kelele. Fomu isiyojazwa sehemu hiyo hurudishwa. Ikija tena hivyo hivyo, nafasi anapewa mwingine. Kiongozi anayemwacha mshiriki nyuma huandikiwa onyo, na akirudia huondolewa kwenye orodha.

Tumesema mara nyingi na tunarudia: asiyeona haji kusindikiza wenzake. Anakuja kupapasa gome la mti, kufikicha jani na kulinusa, kusikia ndege wawili wakiitikiana. Usimvute, mwache ashike kiwiko chako, nawe utangulie nusu hatua. Kiti mwendo pia hakisukumwi kabla mwenyewe hajaulizwa.

Kwa viziwi, simama, geuka, eleza, ndipo uoneshe. Macho hayawezi kumtazama mkalimani na ndege kwa wakati mmoja. Na aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu huenda hatoki jasho vizuri, hivyo joto humdhuru upesi: panga mapumziko penye kivuli.

Mvua ikinyesha, vipimo vya jana vimepitwa. Kiongozi aipite njia asubuhi ile ile na futi kamba mkononi, na akikuta tope limeifunika, awapigie simu waliojiandikisha kabla hawajatoka nyumbani.