Je, wajua kwa nini gari jipya lenye sura ya kizamani huuzwa ghali kuliko pacha wake?

Mpwa wangu yuko Muscat, Oman, anafanya kazi kwenye duka la magari yaliyotumika. Juzi baada ya Alasiri, tumekaa barazani Jaws Corner, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, na kahawa zetu, akanitumia picha mbili. Ya kwanza ni Porsche 911 Carrera S ya mwaka 2013. Ya pili ni 911 ya mwaka uleule, injini ileile, ila rimu zake zimekatwa kama ua la majani matano, katikati ya viti mna kitambaa cha vidoa vyeusi na vyeupe, na nyuma pameandikwa "911 50". Chini akaandika: "Mjomba, hili la pili ni ghali mno, na ndilo linaloulizwa kila siku. Kwani lina nini?"

Simu ikazunguka baraza zima. Mmoja akasema limevaa koti la babu yake. Mwengine akataka kujua kama lina AC. Kahawa ikatufia mikononi na jibu hatujalipata, kwa hivyo nikaona niliandike.

Gari la Porsche 911 lilionyeshwa mara ya kwanza Frankfurt mwezi wa Septemba 1963, na wakati huo likiitwa 901. Peugeot wakalalamika kwamba majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati ni yao, ndipo likawa 911. Mwaka 2013 likatimiza miaka 50, na kampuni ikatengeneza toleo la maadhimisho: magari 1,963 kwa dunia nzima, si zaidi. Injini ilikuwa ya Carrera S, nguvu farasi 400. Bodi pana ya nyuma iliazimwa kwa ndugu yake anayevuta kwa magurudumu yote manne. Rimu zinafuata zile za Fuchs zilizoanza kufungwa kwenye 911 S katika miaka ya 1960, na vidoa vya viti ni vya kitambaa kiitwacho pepita, kilichokuwa kikitumika enzi hizo. Marekani liliuzwa likiwa jipya kwa dola 124,100.

Iangalie hiyo idadi. Magari 1,963, mwaka 1963. Ford nao walipotimiza miaka 50 ya Mustang walitoa magari 1,964 ya maadhimisho, kwa sababu Mustang ilizinduliwa Aprili 1964. Hakuna aliyekaa akahesabu wateja. Wamehesabu kalenda. Lakini kalenda hiyo ina faida yake: inatoa idadi ndogo kiasi cha kumtia mtu wasiwasi kwamba akichelewa ataikosa, na kubwa kiasi cha kuiingizia kampuni fedha za maana.

Na gharama za kweli zipo, tusiwaonee. Muulize fundi yeyote wa milango pale Mji Mkongwe. Mlango wa kwanza wa nakshi mpya humla siku nyingi, kwa sababu lazima achore, apime, akosee, afute. Ukimwagizia milango hamsini ya nakshi ileile, taabu ya mchoro inagawika mara hamsini. Rimu mpya ya gari haitoki tu kiwandani. Inabuniwa, inatengenezewa kalibu, inajaribiwa isije ikapasuka kwenye mwendo mkali. Kitambaa cha kiti kinajaribiwa kwa jua, kwa moto na kwa kusuguliwa. Gharama hizo zikigawiwa magari laki moja hazionekani. Zikigawiwa magari 1,963, kila mnunuzi anabeba fungu lake. Hata hivyo, fungu hilo halifiki pengo lote la bei. Kinachobaki ni kama kanga: pamba ni ileile, anayeiuza ni jina lake.

Umbo la kizamani lenyewe nalo lina kisa. Mwaka 1972 Porsche walitengeneza 911 Carrera RS 2.7 kwa ajili ya mashindano. Sheria ilitaka yatengenezwe magari 500 ya kuuzwa kwa watu wa kawaida kabla ya gari kuruhusiwa kushindana. Nyuma yake walibandika kifuniko kilichopinda juu, watu wakakiita mkia wa bata. Haukuwa pambo. Gari likikimbia, upepo ulikuwa ukilinyanyua nyuma, na mkia ule ukalikandamiza chini. Hatimaye yakauzwa zaidi ya 1,500. Miaka 50 baadaye, mwaka 2022, wakatoa 911 Sport Classic lenye mkia uleule, magari 1,250, Marekani bei ikianzia dola 272,300. Leo 911 za kawaida zina bawa linaloinuka lenyewe mwendo ukizidi, kwa hivyo mkia wa bata umebaki zaidi kuwa salamu kwa wakubwa waliotangulia.

Sisi Wazanzibari hatuna haki ya kucheka. Ile misumari mikubwa ya shaba kwenye milango yetu, inasimuliwa kwamba asili yake ni Bara Hindi, ikiwekwa kumzuia tembo asisukume mlango kwa kichwa. Unguja tembo yuko wapi? Tumeichukua kwa sababu ni mizuri na inasema kitu juu ya mwenye nyumba. Hadi leo hoteli ya ufukweni ikijengwa, mlango wa mwanzo kuagizwa ni wenye misumari.

Sasa swali la thamani. Hapa nitakaa kidogo, maana kuna hadithi moja ya Marekani ambayo kila mwenye kutaka kununua gari la maadhimisho kwa tamaa ya kuliuza baadaye angeisikiliza kabla hajatoa pesa.

Corvette ya kwanza, gari la michezo la kampuni ya Chevrolet, ilitoka mwaka 1953. Mwaka 1978 ilitimiza miaka 25, na mwaka huohuo ikachaguliwa kuongoza magari ya mashindano ya Indianapolis. Chevrolet wakatoa nakala ya gari lile la kuongoza: nyeusi juu, fedha chini, mstari mwekundu katikati, viti vya rangi ya fedha. Corvette ya kawaida bei yake ilianzia dola 9,351.89. Hii ilikuwa dola 13,653.21. Kila duka la Chevrolet lilitaka angalau moja, kwa hivyo yakatengenezwa 6,502. Gazeti la Wall Street Journal likaandika jinsi watu wanavyoligombania, na moto ukapamba. Wenye maduka wakapandisha bei watakavyo. Watu wakanunua wakayafungia mabandani, plastiki ikiwa bado juu ya viti, wakingoja utajiri.

Utajiri haukuja, kwa sababu kila mmoja alikuwa amefungia la kwake. Kitu hakiwi adimu ikiwa kila aliyekinunua amekitunza. Carrera RS ya 1972 ni adimu kwa sababu iliendeshwa, ikashindana, ikagongwa, ikaoza. Corvette zile hazikugongwa wala kuchakaa, zilikuwa zimelala tu. Na chini ya boneti injini zilikuwa zilezile za Corvette nyengine za mwaka ule, dhaifu ya farasi 185 au nzuri kidogo ya 220. Vile viti vipya vilivyosifiwa, mwaka uliofuata vikafungwa kwenye kila Corvette. Kama ulilipa ziada kwa sababu ya viti, miezi michache tu jirani yako anavyo bila ya ziada.

Kwa hivyo mtu akiniuliza kama gari fulani la maadhimisho linastahili bei yake, mimi humwambia kwanza alivue nguo. Toa rangi, toa nembo, toa kibao chenye namba kwenye dashibodi. Kimebaki nini ambacho pacha wake hana na ambacho hakifungiki gereji kwa pesa kidogo? Porsche ile ya 2013, ukweli wangu ni kwamba kimebaki kidogo: bodi pana na sura nzuri. Lakini mwaka 2023, kwa miaka 60, walitoa 911 S/T, tena magari 1,963, na hilo ni jambo jengine kabisa. Lina injini ya GT3 RS, ile 911 kali ya kiwanja cha mbio, ya nguvu farasi 525 inayozunguka mpaka mara 9,000 kwa dakika, gia za mkono tu, klachi na gurudumu la injini vilivyopunguzwa uzito kwa zaidi ya kilo kumi, na gari zima lina kilo 1,380. Hakukuwa na 911 nyengine unayoweza kuagiza ikaja hivyo. Bei yake ilikuwa dola 290,000 Marekani, na sisemi kwamba ni rahisi. Nasema pesa inaonekana ilipokwenda.

Walanguzi nao waliona. Wale wanaonunua sukari kabla ya Ramadhani wana ndugu zao kwenye magari. Porsche Marekani ikabidi iweke sharti: mteja wa S/T mwaka wa kwanza anakodishiwa, kisha ndipo anauziwa, asije akalichukua asubuhi na kulipandisha bei jioni.

Si lazima uwe tajiri hivyo. Mazda MX-5 ilizaliwa Chicago, Februari 1989, na tokea mwanzo yenyewe ilikuwa gari jipya lenye sura ya kale, ikifuata vigari vidogo vya wazi vya Uingereza vya miaka ya 1960 kama Lotus Elan. Ilipotimiza miaka 30 wakatoa magari 3,000 ya rangi ya chungwa. Marekani yalipangiwa 500 ya mwanzo kwa bei ya kuanzia dola 34,995, na yakamalizika kuagizwa ndani ya saa nne. Ukilivua nguo hilo, unakuta shokapu za Bilstein, breki za Brembo za mbele, rimu nyepesi za Rays na viti vya Recaro. Mpe fundi orodha hiyo akununulie kimojakimoja, utarudi nyumbani kwa daladala. Kwa macho yangu, katika magari yote niliyoyataja, hili ndilo lililouzwa kwa haki zaidi.

Lakini kuna kitu hakipimwi na fundi, nacho ni kumbukumbu. Na hapo swali langu kwa mpwa wangu lilikuwa: kumbukumbu ya nani? Nissan walipotimiza miaka 50 ya magari yao ya Z walitoa 370Z yenye mistari ya gari la Datsun lililoshindana kwenye viwanja vya Marekani. Zuri, ila halinigusi. Datsun 240Z ninayoijua mimi, ile waliyotusimulia wakubwa zetu, ni iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, ikiwa imejaa vumbi la Afrika Mashariki hadi kwenye taa. Wangelipaka vumbi lile, labda ningeanza kuuza minazi. Au Peugeot 404, aliyoshindia Bert Shankland wa Dar es Salaam mwaka 1966 na 1967. Mzee mmoja wa barazani kwetu akisikia jina la 404 hutikisa kichwa kama aliyetajiwa posa ya ujanani.

Mtu aliyelelewa Stuttgart, mji wa Porsche, baba yake akimpeleka skuli kwa 911, akiona vidoa vya pepita anaona mgongo wa baba yake. Kwake ziada ile si ya upuuzi. Mimi nikiviona, naona kitambaa. Vespa ya kijani iliyopaushwa na jua ingenigharimu zaidi, kwa moyo.

Na kwetu hapa kuna hesabu nyengine ndogo. Gari la Muscat usukani wake uko kushoto, sisi twaendesha kushoto mwa barabara, kwa hivyo kulipita lori njia ya Bububu inabidi umwombe abiria akuchungulilie. Tumbo la gari liko chini, matuta yako juu. Hewa ya bahari haisomi namba ya toleo. Inakula chuma cha 1,963 kama inavyokula cha gari lolote. Bodi ya Corvette ni ya faiba, ingenusurika. Fremu yake isingenusurika.

Nikamwandikia mpwa wangu hayo yote kwa ufupi, na mwisho nikamuuliza mteja wake amelelewa wapi. Jibu likaja baada ya Isha. Mteja hakusema amelelewa wapi. Alilipa, akaagiza lori la kubebea, na akawasisitizia vijana wa dukani wasilibandue lile karatasi la plastiki juu ya viti.