Kipindi nyeti cha palizi katika shamba la mahindi

Kipindi nyeti cha palizi ni ule muda katika maisha ya zao ambapo magugu yakiachwa shambani hupunguza mavuno kwa kiasi ambacho palizi ya baadaye haiwezi kukifidia. Kabla ya muda huo, magugu machanga huwa hayajaleta hasara kubwa, mradi yaondolewe upesi. Baada yake, mimea ya zao huwa imekwisha kutandaza majani na kuufunika udongo kwa kivuli, hivyo magugu yanayochipua chini yake hukosa nguvu. Kwa mahindi, kipindi hicho mara nyingi huanza kati ya jani la tatu na la tano na kuendelea hadi jani la nane au la kumi, yaani takriban kuanzia juma la pili au la tatu hadi la sita baada ya kuota, ingawa mipaka yake husogea kulingana na mvua, rutuba ya udongo na wingi wa magugu yenyewe.

Kwetu Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo, ambako mvua hushika Novemba na mbegu nyingi huingia ardhini kuanzia katikati ya mwezi huo, kipindi hiki huangukia Desemba na Januari. Ndiyo miezi ambayo mvua haipi jembe nafasi, na ndiyo miezi ambayo mkulima aliyelima eneo kubwa kuliko mikono ya nyumbani kwake anaanza kuchelewa. Kwa maoni yangu, nusu ya shamba iliyopaliliwa kwa wakati ina thamani kuliko shamba zima lililosafishwa mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, yaani maua ya kiume ya kileleni.

Sababu imo ndani ya mmea. Mpaka karibu jani la sita, ncha ya ukuaji wa hindi bado imejificha chini ya udongo au usawa wake, na mtu anayetazama kwa juu hudhani kwamba hakuna jambo kubwa linaloendelea. Ukiupasua kwa kisu, kwa urefu, mmea wenye majani manane hadi kumi, utaiona mbelewele changa tayari imeumbika ndani ya shina. Wakati huohuo mmea unaamua idadi ya mistari ya punje katika gunzi, na mistari iliyopotea kwa njaa ya nitrojeni au uhaba wa mwanga hairudi tena, hata shamba likisafishwa vizuri namna gani wiki tatu baadaye.

Zaidi ya hayo, mche wa hindi huyatambua magugu kabla hayajaufunika. Majani mabichi ya jirani hurudisha mwanga ulio na uwiano tofauti wa rangi nyekundu, na mche unaoupokea hukimbilia kurefuka huku ukipunguza nguvu ya kujenga mizizi. Ndiyo maana hasara huanza wakati magugu bado yanaonekana mafupi na yasiyotisha.

Mbolea nayo hufuata ratiba hiyo. Yurea, mbolea ya nitrojeni, ikiwekwa kabla ya palizi, sehemu yake huliwa na magugu, ambayo mengi huifyonza upesi kuliko mahindi. Kwa hiyo palizi hutangulia, na mbolea hufuata mara moja. Palizi yenyewe iwe ya juujuu, kwa kuwa jembe linalozama karibu na shina hukata mizizi, na ikiwezekana ifanywe asubuhi ya siku isiyo na mvua, kwani ndago na magugu mengine yenye shina la kutambaa hushika tena yakiachwa juu ya udongo mbichi.

Mtama hukua polepole zaidi mwanzoni, hivyo palizi yake haiwezi kungojewa. Mpunga wa nchi kavu, uliopandwa kwa mbegu moja kwa moja, hudhulumiwa na magugu kuliko ule uliopandikizwa ukiwa na miche mikubwa.

Kipimo hiki cha majani na majuma hakifai kwa striga, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama. Huanza kuunyonya mmea linaouvamia chini ya ardhi, majuma kadhaa kabla ya kuchomoza, hivyo linapoonekana zao la mwaka huo limekwisha kudhurika. Hata hivyo ling'olewe kabla ya kukomaza mbegu, kwa maana gugu moja linaweza kumwaga makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, ambazo hukaa hai ardhini kwa miaka mingi.