Msanii akifariki, anastahili makala ya Wikipedia lini?

Msanii akitangazwa kufariki asubuhi, mara nyingi jioni haijafika kabla mtu hajamfungulia makala Wikipedia. Sifa zimejaa, picha imetolewa Instagram, tarehe ya kuzaliwa imeandikwa bila kuonyesha imetoka wapi. Halafu anapita mhariri mwingine na kubandika juu ya ukurasa ilani kwamba makala inapendekezwa kufutwa kwa sababu haionyeshi umaarufu wa mhusika. Mashabiki wanawaka. Mtu aliyesindikizwa makaburini na umati ule wote si maarufu?

Kwa maana ya mtaani ni maarufu, hakuna anayebisha. Ila ensaiklopidia hiyo haipimi idadi ya wanaomjua mtu, wala wafuasi wake mtandaoni, wala machozi. Inauliza jambo moja: je, kuna vyanzo vya kuaminika, visivyofungamana naye, vilivyomwandika kwa kina? Vikiwepo, makala inastahili. Visipokuwepo, hata mhariri mwenye nia njema hana cha kuandika zaidi ya kusifu.

Kila kipande cha swali hilo kina uzito wake. Chanzo cha kuaminika ni gazeti, kitabu, jarida au kituo cha habari chenye wahariri wanaohakiki taarifa na kusahihisha wakikosea. Kutofungamana ndiko kunakowaangusha wengi: maelezo ya meneja, ya kampuni iliyotoa albamu, ya familia au ya msanii mwenyewe hayahesabiki kuwa uthibitisho wa umaarufu, hata yakiwa ya kweli mtupu. Na kwa kina maana yake mwandishi amekaa na habari za mtu huyo, si kumtaja katika orodha ya watakaopanda jukwaani Jumamosi.

Kifo hakiongezi chochote kwenye mizani hiyo. Wikipedia inasema wazi kwamba si mahali pa kumbukumbu za marehemu. Kinacholetwa na kifo ni maandishi: magazeti hutoa taazia, yaani makala za kueleza maisha ya marehemu, na taazia iliyoandikwa na mwandishi wa habari aliyefuatilia kazi za marehemu ni chanzo kizuri sana. Tangazo la msiba lililolipiwa na ndugu, lenye ratiba ya mazishi na majina ya watoto, si chanzo cha namna hiyo. Yote mawili huweza kutoka kwenye gazeti moja siku moja, na mhariri mchanga huyachanganya.

Zipo kesi ambazo hazihitaji mjadala. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alirekodi santuri Bombay mwaka 1928, akafariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu mzima. Huwezi kutaka zaidi ya hapo. Bi Kidude, naye mwimbaji wa taarab, aliyefariki Aprili 2013, alitunukiwa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005 na kuandikwa na magazeti ya ndani na ya nje akiwa hai. Mwanamuziki wa dansi Mbaraka Mwinshehe alikufa katika ajali ya gari Januari 1979, miaka 22 kabla Wikipedia haijaanzishwa, na hilo halimpunguzii kitu, maana umaarufu ukishathibitishwa haupitwi na wakati.

Kwa waigizaji kuna kigezo cha ziada: mtu awe amecheza nafasi kubwa katika kazi kadhaa zinazojulikana, si moja tu. Mzee Ojwang, yaani Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, Wakenya wengi wanamkumbuka kwa Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha televisheni. Mtu mgumu angeweza kusema hicho ni kipindi kimoja. Lakini alionekana katika vipindi vingine vya KBC, shirika la utangazaji la Kenya, pia, na alipofariki magazeti ya Kenya yaliandika maisha yake kwa urefu. Mjadala unaishia hapo.

Ugumu uko kwa mtu kama mpiga gitaa la rhythm wa bendi ya dansi ya miaka ya 1970. Nyimbo alizopiga bado zinasikika redioni kila wiki. Ukimtafuta kwenye Google unapata blogu mbili zilizonakiliana hadi makosa ya tahajia, video ya YouTube yenye maoni ya wazee wanaomlilia, na jina lake katikati ya majina ya wanabendi. Kwa kufuata kanuni hajafika. Umaarufu haurithiwi, haupiti kutoka kwa bendi kwenda kwa kila mwanabendi, wala kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake.

Mimi hapa huwa nasita. Kanuni yenyewe naikubali, kwa sababu bila hiyo kila promota angejiandikia ukurasa. Lakini muziki wetu uliishi redioni na kumbini zaidi ya kwenye karatasi, na karatasi zilizopo nyingi hazijaingizwa mtandaoni. Anayeandika "nimetafuta, sijaona kitu" mara nyingi ametafuta Google kwa dakika tano. Magazeti kama Ngurumo na Baraza yaliandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wasomaji hao hao waliojaa kwenye madansi, na nakala zake ziko katika maktaba na hifadhi za nyaraka. Kanuni haidai chanzo kiwe mtandaoni. Jina la gazeti, tarehe, ukurasa na kichwa cha habari vinatosha, hata kama msomaji hawezi kubofya.

Kuna aina nyingine inayosumbua siku hizi: kijana aliyevuma kwa klipu moja, akafa kwa ajali, akaandikwa wiki nzima. Maandishi ni mengi, ila yote ni ya tukio moja. Hapo wahariri hupendelea kusubiri waone kama kuna atakayemwandika baada ya arobaini. Na kwa marehemu wa karibuni, ule ukali wa kuandika habari za watu walio hai huendelea kutumika kwa miezi kadhaa, pengine hadi miaka miwili. Chanzo cha kifo hakiandikwi kwa kutegemea uvumi wa WhatsApp. Hata kifo chenyewe kithibitishwe kwanza. Wasanii wetu wangapi wamezushiwa kufa?

Makala ikipelekwa kwenye mjadala wa kufutwa, katika Wikipedia ya Kiingereza hukaa kwa kawaida siku 7. Upande wa Kiswahili wahariri ni wachache, na kazi ya kufuta iko kwa wakabidhi, yaani wasimamizi wenye mamlaka hayo. Kura hazihesabiwi, zinapimwa hoja, hivyo kuita mashabiki 50 waje kuandika "ibaki" hakusaidii, na wakati mwingine kunaharibu. Kinachogeuza mjadala ni mtu mmoja anayeleta vyanzo viwili vitatu vya maana.

Tena si lazima matokeo yawe kubaki au kufutwa. Yule mpiga gitaa anaweza kupewa aya yake ndani ya makala ya bendi, na jina lake likafanywa elekezo: ukilitafuta, linakupeleka huko. Siku taazia ya zamani ikipatikana, au mtafiti akitoa kitabu, elekezo hilo linafunguliwa na kuwa makala kamili bila kuomba ruhusa ya yeyote.