Maana ya Matumizi Mabaya ya Vileo na Dawa kwa Wanachuo

Watu wengi wakisikia habari za matumizi mabaya ya vileo, humfikiria mlevi aliyekwishapotea: amefukuzwa chuo, mikono inamtetemeka asubuhi, hawezi kuianza siku bila kunywa. Huyo ni mraibu, na uraibu ni hatua ya mbali. Matumizi mabaya huanza mapema zaidi, mara nyingi kwa mwanafunzi anayefaulu mitihani na ambaye hakuna anayemtilia shaka. Maana yake ni kutumia kileo au dawa kwa kiasi, kwa njia au kwa wakati unaomdhuru mtumiaji au walio karibu naye, au unaowaweka katika hatari ya kudhurika. Tukitaka kujua kama yapo, tutazame matumizi hayo yanamfanyia nini mtu, badala ya kuhesabu siku anazokunywa.

Ndiyo maana mwanafunzi anayejizuia wiki nzima, kisha Ijumaa akanywa mpaka asijue alivyofika kitandani, naye yumo, ingawa atakwambia kwa moyo mweupe kwamba hunywa mara moja tu kwa wiki. Wataalamu wa Marekani huuita unywaji wa kupindukia pale mwanamume anapofikisha vinywaji 5, au mwanamke 4, ndani ya saa 2 hivi, kila kinywaji kikiwa na gramu 14 za kilevi. Ini huondoa takriban kinywaji kimoja cha namna hiyo kwa saa, na kinachobaki huendelea kuzunguka katika damu. Kahawa na maji ya baridi havilifanyi ini liende mbio. Na kule kutokumbuka ya jana usiku si usingizi. Mtu alikuwa macho, akazungumza, pengine akalipa nauli, lakini ubongo wake ulikuwa umeacha kuhifadhi kumbukumbu. Asubuhi wenzake humsimulia huku wakicheka, na kicheko hicho hufunika jambo ambalo lingepaswa kuwatisha.

Lipo pia neno linalosemwa kama sifa: “Huyu halewi upesi.” Ukweli ni kwamba mwili wake umezoea, na sasa unadai kiasi kikubwa zaidi ili apate hali ileile. Mazoea hayo ni mojawapo ya dalili 11 zilizomo katika mwongozo uliotolewa mwaka 2013 na chama cha madaktari wa akili cha Marekani. Dalili 2 zikijitokeza ndani ya miezi 12, zikiandamana na madhara ya wazi maishani, zinatosha kuhesabiwa kuwa ni ugonjwa wa kiwango cha chini. Zikifika 6, ni wa kiwango kikali.

Dawa za hospitali hujificha vizuri zaidi, kwa kuwa anayezitumia huona anafanya jambo la maana. Kidonge alichoandikiwa mtu mwenye tatizo la kutotulia, akakimeza mwenzake ili akeshe na vitabu, kimetumiwa vibaya hata kama kilitoka kwa daktari halali. Hatari huwa kubwa zaidi anapochanganya pombe na dawa za usingizi au za maumivu makali, kwa sababu vyote viwili hupunguza nguvu ya kupumua.

Chuoni mambo haya hupata nafasi kwa sababu kijana yuko mbali na macho ya nyumbani, na sehemu ya ubongo inayopima matokeo ya vitendo huendelea kukomaa hadi miaka ya katikati ya ishirini. Tena wanafunzi hudhani wenzao wanakunywa zaidi ya wanavyokunywa kweli, wakajilazimisha kuufikia wingi ambao haupo.

Neno ninaloliogopa kuliko yote ni “Mwache alale.” Kiwango cha kilevi katika damu huweza kuendelea kupanda hata baada ya mtu kuweka glasi chini, na aliyelala chali akitapika anaweza kupaliwa akafa. Alazwe kwa ubavu, pumzi zake zihesabiwe. Zikiwa chini ya 8 kwa dakika, zikikatika kwa sekunde 10, ngozi ikiwa baridi au haamki anapoitwa, apelekwe hospitali papo hapo, hata kama wenzake wanahofia adhabu ya chuo, na mmoja wao abaki naye muda wote.