Udongo wa volkano haujilimi: dhana potofu kuhusu kilimo tunazozisikia Goma

Kila siku chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinashuka kutoka Kibumba zikiwa zimelemewa na kabichi, karoti na viazi, na kila siku sokoni kuna mtu anayejua jinsi dunia nzima inavyolima. Mazungumzo hayo nayapenda, maana mji wetu unakula kile kinachotoka kwenye vilima vinavyouzunguka. Lakini maneno mengine yamerudiwa mpaka yakawa sheria, na vijana wanaosomea kilimo wanayabeba hadi shambani. Ninayoyasikia zaidi ni haya.

"Sisi tuna udongo wa volkano, mbolea ni ya watu wengine."

Kuna ukweli ndani yake, ila haujakamilika. Majivu na mawe ya Nyiragongo na Nyamulagira yakishaoza yanaacha udongo mweusi, mwepesi, unaoshika maji vizuri na wenye potasiamu ya kutosha. Ndiyo sababu watu wamejazana kwenye milima ya volkano pande nyingi za dunia, kuanzia kisiwa cha Java hadi miteremko ya Kilimanjaro. Lakini jiwe halina nitrojeni. Hiyo inaingia udongoni kupitia mimea, samadi na vijidudu, na kila gunia la viazi linaloshuka Goma linaondoka na sehemu yake. Jambo la pili halisemwi sana: udongo wa namna hii una madini yanayong'ang'ania fosforasi, kiasi kwamba inaweza kuwepo ardhini kwa wingi huku mizizi ikiikosa. Mahindi machanga yakianza kuwa na majani ya zambarau, mtu anasema ni baridi ya mlimani. Pengine ni baridi kweli, ila kama rangi haiondoki jua likirudi, mmea una njaa ya fosforasi.

Na volkano haitoi tu, inachukua pia. Lava iliyopita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002 bado ni jiwe; tunaipasua tujengee kuta, hatupandi maharage juu yake. Moshi wa kreta nao ukikutana na mvua unashuka na asidi inayounguza majani ya mimea, na wanaolima chini ya upepo wa Nyiragongo wanalijua hilo vizuri.

Halafu kuna mteremko. Udongo mzuri uliolala kwenye kilima kikali hauna mwenyewe mvua kubwa ikinyesha. Wengine walioishi kwenye milima kama yetu walilitafutia dawa zamani: Waifugao wa Ufilipino wana matuta ya mpunga yanayopanda mlima kama ngazi, Wakonso wa Ethiopia wana kuta za mawe. Mimi ninayoyapenda kuliko yote ni mashimo ya Wamatengo wa Mbinga, kusini mwa Tanzania, yanayoitwa ngoro. Mkulima anafyeka majani, anayalaza chini kwa mistari inayokatana hadi yafanye miraba, kisha anachimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya majani. Shamba linabaki na mashimo mengi yaliyozungukwa na kingo. Mvua ikija, maji yanatulia shimoni badala ya kukimbia bondeni, na majani yaliyofukiwa yanaoza chini ya mazao. Maharage yanapandwa kwenye kingo, mahindi yanafuata msimu wa pili. Kazi hiyo haihitaji trekta wala mkopo, inahitaji jembe na watu wa kusaidiana.

"Kuchanganya mazao ni uvivu, kilimo cha kisasa ni zao moja kwa mstari."

Hii inaniuma, kwa sababu mama zetu wamedharauliwa kwa ajili yake miaka mingi. Mahindi, maharage na maboga katika shamba moja ndiyo mpango ambao watu wa Meksiko wameuishi kwa maelfu ya miaka. Mahindi yanatoa mti wa kupandia, maboga yanafunika udongo yakizuia magugu, na maharage yanalisha.

Yanalishaje? Ng'oa shina la mharage linalokaribia kutoa maua, taratibu, ili usikate mizizi. Utaona vinundu vidogo. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria walio humo wako kazini, wanavuta nitrojeni ya hewani na kuupa mmea. Kikiwa kijivu au kijani, hawafanyi kazi, na udongo wako unahitaji kuangaliwa. Kipimo hiki ni cha bure na kinaweza kufanywa na mtoto wa shule.

Wanasayansi wenyewe wamerudi kwenye mchanganyiko. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE nchini Kenya, kikishirikiana na kile cha Rothamsted cha Uingereza, kilibuni njia ya "sukuma-vuta" katika miaka ya 1990. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, inapandwa kati ya mistari ya mahindi. Harufu yake inamfukuza nondo anayezaa funza wa mabua. Majani ya tembo yanazungushwa pembeni yamvutie huko. Na mizizi ya desmodiamu inazuia striga, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi. Mwishowe ng'ombe anakula vyote viwili.

Zao moja kwa mstari lina nafasi yake pale mashine inapovuna. Kwenye kilima cha Masisi, mashine hiyo haipiti.

"Kuchoma na kuhama ni ushenzi wa Afrika."

Wafini walichoma misitu ya misonobari na kupanda rai, nafaka inayofanana na ngano, ndani ya majivu yake, na njia hiyo haikuisha kabisa mpaka karne ya 20. Amazoni na Borneo wanaijua pia. Majivu yanapunguza ukali wa udongo na kuupa potasiamu na kalsiamu, kisha ardhi inapumzishwa miaka kumi, ishirini, msitu urudi. Enzi ya Wabelgiji, taasisi ya utafiti wa kilimo ya INEAC iliyoundwa mwaka 1933 ilijaribu kuipanga njia hii kwa mistari ya mashamba, na hata wao hawakuweza kuondoa mapumziko.

Kinachoua ardhi ni kufupisha muda huo. Watu wakiongezeka, au vita vikiwasukuma wote kwenye kipande kimoja, shamba linachomwa tena baada ya miaka miwili, halijapata nafuu. Hapo lawama ziende kwa kinachowanyima watu ardhi na amani, zisimwangukie mwenye kiberiti peke yake.

"Mfugaji anayehama hana mpango."

Mahali ambapo mvua inanyesha huku leo na kule mwezi ujao, kufuata majani ndiyo hesabu sahihi. Wamongolia, Wafulani na Wamasai wanajua hivyo. Uswisi, nchi tajiri kabisa, ng'ombe wanapandishwa milimani majira ya joto na jibini linatengenezwa hukohuko. Anayependa jibini la Masisi ataelewa. Uhispania ina sheria ya mwaka 1995 inayolinda njia za kale za mifugo, na kila mwaka kondoo wanapitishwa katikati ya Madrid kukumbushia haki hiyo.

Tena ufugaji si ng'ombe tu. Wale kobayi, vinyama vidogo kama sungura, wanaozurura jikoni wakila maganda na majani walianza kufugwa na watu wa milima ya Andes, na samadi yao inafaa bustani kabisa.

"Wakulima wadogo wanalisha asilimia 70 ya dunia."

Hii inasemwa na marafiki wa wakulima, kwa nia njema. Utafiti wa wataalamu wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, uliochapishwa mwaka 2021 ulihesabu mashamba zaidi ya milioni 608 duniani. Yaliyo chini ya hekta 2 ni asilimia 84 ya idadi hiyo, yanatumia kama asilimia 12 ya ardhi ya kilimo na yanatoa takribani asilimia 35 ya chakula. Mkanganyiko unatokana na kuchanganya mkulima mdogo na shamba la familia. Mashamba ya familia yanatoa karibu asilimia 80 ya chakula kwa thamani, ila humo wamo pia wenye maelfu ya hekta Brazili na Marekani.

Kwangu namba ya kweli ina nguvu zaidi: asilimia 12 ya ardhi, asilimia 35 ya chakula. Anayemtetea mkulima wa Rutshuru haina haja atie chumvi.

"Mbolea ya dukani ni sumu" na ndugu yake, "bila mbolea ya dukani hakuna kilimo."

Mwaka 2021 serikali ya Sri Lanka ilipiga marufuku kuingiza mbolea za kemikali, ghafla, nchi nzima. Mavuno ya mpunga yalishuka vibaya, chai ikaathirika, na kufikia Novemba mwaka uleule marufuku ilikuwa imelegezwa. Kilimo hai kinawezekana, lakini kinajengwa kwa miaka, kwa samadi na jamii ya kunde zilizokwisha kuandaliwa.

Uholanzi ina shida iliyo kinyume: mifugo ni mingi na samadi imezidi hadi nitrojeni inaharibu maji na mazingira, na mahakama iliingilia kati mwaka 2019. Sisi tuko mbali na hapo. Viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja mwaka 2006 kufikia kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015, na nchi nyingi hazikufika hata nusu.

Kwa hiyo mwenye samadi kidogo na kilo chache za mbolea asizimwage shamba zima. Atie kiganja cha samadi iliyooza katika kila shimo, aongeze mbolea kiasi cha kifuniko cha chupa ya soda, afunike kwa udongo kidogo ili mbegu isiguse mbolea, ndipo apande. Na afanye hivyo mapema msimu A, ule unaoanza na mvua za Septemba, mvua hizo zikishashika vizuri.